Gereji, Gereji Bubu na Mikono Yetu

Historia ya Mkoa wetu wa Singida imekwisha kusimuliwa kwa njia nyingi. Wako walioisimulia kwa kufuata watemi, wako waliofuata misheni na hospitali zake, na wako waliofuata zao la alizeti na vitunguu. Mimi, ndugu msomaji, naomba ruhusa niitazame kwa muda mfupi kutokea mahali ambapo waandishi hawapendi kulala, yaani mvunguni mwa gari. Nimeishi mkoani humu miaka sabini na ushei, na naamini kwamba mambo mengi yaliyotupata, mazuri na mabaya, yamepita juu ya springi za magari.

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilipita Manyoni na Itigi, kusini mwa mkoa, ikawaacha Wanyaturu na Wanyiramba upande wa kaskazini na miamba yao. Kwa hiyo sisi wa huku juu tulikuwa watu wa barabara kuliko watu wa garimoshi. Na barabara zenyewe! Kutoka Singida mjini kwenda upande wowote hukukosa moja kati ya mambo matatu: mwamba, mchanga, au udongo mweusi wa mbugani ambao kiangazi hupasuka na masika hunata kama ulimbo. Msafiri aliyekwenda Nzega alishuka mteremko wa Sekenke kwa kona zake, akafika chini akiwa anamshukuru Mungu, kisha akakuta tambarare ya Wembere inamngoja. Aliyekwenda Itigi alipita katika vichaka vya miiba ambamo hata ng'ombe hupotea.

Katika barabara hizo ndimo ilimoingia Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Aliyelibuni, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, alikuwa na jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita, akiitumia shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey, akaona kwamba mkulima wa Kiingereza anahitaji chombo cha aina hiyo. Chuma cha bodi kilikuwa kwa mgao baada ya vita, basi bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Lakini chini, gari hilo lilikalia kitu cha kale kabisa: springi za mabapa ya chuma yaliyolaliana, ndefu juu na fupi chini, zilizofungwa kwa yu-bolti kwenye ekseli. Springi za namna hiyo ni nasaba ya zile ambazo Mwingereza Obadiah Elliott alizipatia hataza mwaka 1804 kwa ajili ya magari ya farasi. Land Rover za kazi ziliendelea nazo hadi mwaka 1983, zilipoanza kutolewa zile zenye springi za kuzunguka kama nyoka aliyejikunja.

Sasa fikiri. Chombo kilichokusudiwa kubeba mkulima, mbwa wake na makopo ya maziwa, hapa kwetu kilibeba abiria kumi na wanne, gunia la mtama, mbuzi wawili na mgonjwa. Baada ya miaka michache springi "zililala". Upinde wake uliisha, zikanyooka kama rula, na kila jiwe la barabarani likawa linabisha hodi kwenye chesisi. Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo nimelisikia tangu ujana wangu: gari hili tulipeleke gereji likainuliwe, au tuliinue wenyewe?

Zamani za ukoloni swali hilo halikuwa gumu. Serikali ilikuwa na karakana zake za Ujenzi, misheni zilikuwa na mafundi wao, na mtu binafsi alikwenda kwa Kalasinga. Masingasinga wengi waliletwa Afrika Mashariki wakati wa kujenga reli ya Uganda, kati ya mwaka 1896 na 1901, na wengine wakafuata. Watoto na wajukuu wao wakaeneza ufundi wa chuma mpaka miji midogo ya bara. Kwetu neno Kalasinga lilikuwa karibu sawa na neno fundi. Mmoja wa watu hao alikuja kuwa maarufu duniani. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, alijifunza kushika spana katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia katika mashindano ya Safari Rally kwa Volvo ambayo ilikwisha kutumika, waliyoitengeneza wao wenyewe, wakazishinda timu zilizoletwa na viwanda kutoka ng'ambo. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Vijana wa siku zangu tulimjua kwa redio tu, lakini kila dereva wa lori alimtaja kama shahidi wa hoja yake: unaona, mtu akitengeneza mwenyewe!

Hoja hiyo ina upungufu mmoja ambao madereva hawakuutaja. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva. Alipolitengeneza gari lake mwenyewe, lilikuwa limekwenda gereji tayari, kwa sababu gereji ilikuwa yeye.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita dhidi ya Idi Amin, kuanzia Oktoba 1978, vilimeza malori na fedha. Na fedha za kigeni zikawa adimu kuliko mvua ya Septemba. Kuagiza magari na spea kulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, na seti moja ya springi iliweza kungojwa mwaka mzima. Wakati huo bapa la springi lililovunjika halikutupwa. Mhunzi alilichukua kwa furaha, maana chuma cha springi ni chuma bora cha shoka na panga. Mimi nimekata kuni miaka mingi kwa shoka ambalo zamani lilibeba mtu barabarani.

Lakini mkondo huo ulikwenda na kinyume chake pia. Gari lilipokosa springi, watu walikwenda kwa mhunzi yule yule, wakamwomba arudishe upinde kwenye springi iliyolala. Alifukuta mkaa, akaliivisha bapa mpaka likawa jekundu, akalipinda kwa nyundo, akalizamisha. Kazi hiyo inapendeza macho. Tatizo ni kwamba chuma cha springi kinataka kupoozwa kwa kipimo na kisha kupashwa moto tena kwa kipimo kingine. Kikibaki kigumu mno kitakatika kama kioo; kikiwa laini mno kitalala tena baada ya mwezi. Wahunzi wachache walilijua hilo kwa rangi ya chuma, bila kipimajoto. Wengi walilijua nusu.

Mwaka 1988 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya bweni katika Wilaya ya Iramba. Shule sitaitaja. Tulikuwa na Land Rover moja, ile ndefu ya inchi 109, na hiyo ndiyo iliyokuwa soko letu, benki yetu na gari letu la wagonjwa. Hospitali ya Kiomboi haikuwa mbali sana kwa ramani, lakini ramani haina masika. Malaria ilipochachamaa mwezi Machi, nilikuwa na wanafunzi wanne au watano wa kupeleka kwa juma moja, na gari lilikuwa limelala mpaka ekseli ya nyuma ikawa inagonga chesisi katika kila shimo. Usiku mmoja lilikwama kwa tumbo juu ya jiwe, mtoto wa kidato cha pili akiwa ndani anaweweseka kwa homa, na wanaume wa kijiji jirani wakalinyanyua kwa miti. Mtoto alipona. Lakini kesho yake niliita kikao.

Gereji moja ya mjini, mbali na mkoa wetu, ilikwisha kutujibu kwamba inaweza kuliinua gari na kuweka springi nene, kwa bei iliyolingana na mishahara yangu ya miezi mingi, na gari likae kwao wiki sita. Wiki sita za masika bila gari! Upande wa pili alikuwa dereva wetu, mzee mwenye umri wa baba yangu, ambaye aliwahi kufanya kazi katika karakana ya serikali. Yeye alisema kazi hiyo inaweza kufanyika hapa hapa, chini ya mkungu ulio nyuma ya jiko.

"Mzee," nikamwambia, "nieleze kama unavyomweleza mwanafunzi. Tukiliinua, nini kinainuka?"

Akacheka. "Hilo ndilo swali, Mwalimu. Watu wengi hawaliulizi."

Akachukua kijiti, akachora mchangani. Nakumbuka mchoro ule kuliko michoro mingi niliyoiona chuoni. Ukiweka springi zenye upinde mkubwa zaidi, alisema, unainua chesisi na bodi. Difu haiinuki hata unywele, kwa sababu difu iko kwenye ekseli, na ekseli imekalia magurudumu. Kama kinachokwaruza tuta la katikati ya barabara ni difu, springi hazitakusaidia kitu. Dawa yake ni tairi kubwa zaidi. Mtu mwenye Land Rover fupi iliyokuja na tairi za 600 kwa 16 akiweka za 750 kwa 16, difu inapanda sentimita kama nne. Yetu ilikuwa na za 750 tayari. Kilichogonga kwetu kilikuwa chesisi, ekzosi na tangi la mafuta. Kwa hiyo springi zilikuwa dawa yetu kweli.

Halafu akaendelea na mambo yanayofuata baada ya kuinua. Mipira ya breki inavutika, na gurudumu likining'inia shimoni mpira unaweza kung'oka. Propela inapiga pembe kali zaidi, na misalaba yake inaliwa upesi. Shokapu zinakuwa fupi. Na kuna njia ya mkato ambayo watu wanaipenda kwa kuwa ni rahisi: kurefusha vile vyuma vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chesisi. Kwa kuwa vinashika ncha moja tu, ukivirefusha inchi mbili gari linapanda inchi moja. Mimi niliyefundisha hesabu nililipenda jambo hilo. Lakini mzee alisema kwamba ukifanya hivyo mbele, ekseli inazunguka kidogo, na usukani hauna tena hamu ya kurudi katikati. Gari linatangatanga kama mlevi. Jambo la mwisho, alisema, springi ya upande wa dereva si sawa na ya upande wa pili. Ya dereva ina nguvu zaidi, kwa sababu upande huo ndio wenye uzito. Asiyejua huzibadilishana, kisha anashangaa gari limeinama.

Nilisikiliza, nikaona kwamba kumbe swali letu lilikuwa limeulizwa vibaya. Tulikuwa tunauliza mahali: gereji au nyumbani. Swali lililofaa lilikuwa nani anayejua orodha ile yote, na nani atakaa ndani ya gari hilo siku ya kwanza likishuka mlima.

Tuliamua hivi. Springi zilifunguliwa shuleni, na mzee alisimamia kila nati, wanafunzi wa kidato cha nne wakishika taa na kujifunza. Mabapa yaliyolala yalipelekwa kwa mhunzi ambaye mzee alimwamini, nayo yakarudishiwa upinde wake wa zamani tu, bila kuongezwa zaidi. Nyuma tuliongeza bapa moja kutoka springi ya gari bovu la aina hiyo hiyo. Vyuma vya kuning'iniza hatukuvigusa. Ila breki mzee alikataa kuzifanyia kazi chini ya mkungu. Mipira mipya ilinunuliwa na kufungwa katika karakana yenye shimo na vifaa, na tulikwenda huko polepole, yeye na mimi tu, bila mwanafunzi hata mmoja. Kazi yote ilichukua siku tisa. Gari lilipanda karibu inchi mbili kutoka hali yake ya kulala, maana yake lilirudi kilipoliacha kiwanda.

Bodi ya shule iliniuliza kwa nini hatukulipandisha zaidi, maadam tulikwisha kulifungua. Lilikuwa swali la haki. Nilijibu kwa kijiti, kama nilivyofundishwa. Gari linapoinuliwa, uzito wake unapanda nao, lakini upana kati ya magurudumu haupanuki. Kila inchi unayoipata juu ya jiwe unailipa kwenye kona. Na kwetu kona zilikuwapo.

Hili halikuwa somo la ubaoni. Miaka michache baadaye pikapu ya mfanyabiashara mmoja, iliyoinuliwa katika gereji ya jiji kubwa na kulipiwa fedha nyingi, ilianguka kwenye kona ya mteremko, juu yake imejazwa magunia ya vitunguu na watu wamekaa juu ya magunia. Watu wawili walikufa, mmoja wao mama aliyekuwa akirudi mnadani. Niliiona pikapu ile imelala ubavu. Kazi ya chini ilikuwa safi kabisa, rangi nyeusi inang'aa, nati zimekazwa. Aliyeiinua alifanya alichoombwa. Hakuna aliyemuuliza mwenye gari atapakia nini na atapita wapi, na nadhani hata kama angeulizwa, asingetaja magunia.

Ndiyo maana siafikiani na wale wanaosema gereji kubwa ni salama na gereji bubu ni hatari. Jina gereji bubu lenyewe tumelitunga kwa dharau, eti kwa sababu halina kibao wala leseni. Nimewajua mafundi wa gereji bubu waliokuwa wasemaji wazuri kuliko wenye vibao: walikuonyesha kilicholika, wakakukabidhi spea ya zamani mkononi, wakakuambia hili siliwezi, lipeleke kwa fulani. Na nimeona gereji zenye kaunta na risiti ambako mteja haruhusiwi kuvuka mlango. Ububu uko wapi hapo?

Lakini siafikiani pia na vijana wanaojivunia kufanya kila kitu wenyewe. Kufungua yu-bolti kunahitaji nguvu na spana ndefu. Kujua kwamba gari lenye uzito wa tani moja na nusu limekaa juu ya jeki ya kuazima, na kwamba kichwa chako kiko chini yake, kunahitaji akili ya namna nyingine. Mzee wetu hakuingia mvunguni hata mara moja kabla ya kuweka magogo mawili ya mninga chini ya chesisi. Wanafunzi walimcheka kwa uzito wa magogo hayo.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa, mambo yalianza kubadilika. Spea zilionekana tena madukani, halafu yakaja magari yaliyotumika Japani. Land Rover ikaanza kuondoka barabarani na Toyota Land Cruiser ikachukua kiti chake. Ya wakubwa tukaiita shangingi, na ile yenye bomba la hewa lililopanda ubavuni hadi paani tukaiita mkonga. Siku hizi seti kamili za kuinulia gari, springi na shokapu pamoja, zinauzwa zikiwa ndani ya boksi, na Arusha, kwenye magari ya watalii, wapo mafundi ambao kazi hiyo wanaifanya mwaka mzima.

Na kubwa kuliko yote ni lami. Katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010 lami ilituunganisha na Dodoma, Nzega na Babati. Hapa ndipo historia imefanya mzaha. Tulipokuwa na mawe na tope, gari lililoinuliwa lilikwenda kilomita thelathini kwa saa, na likiyumba dereva alikuwa na muda wa kusema bismillahi. Leo gari lile lile linakwenda mia moja, kwenye lami, likikwepa bodaboda. Urefu uliotafutwa kwa ajili ya mwamba unatumika mahali pasipo na mwamba. Mwenye kuishi Mkalama ndani au pembezoni mwa Wembere bado ana haja nao, na simlaumu. Mwenye kuishi mjini na kwenda Dodoma kila wiki, sioni anautafutia nini, isipokuwa atazamwe.

Mwaka jana kijana wa jirani yangu, anayenunua asali vijijini upande wa Itigi, alikuja kuniuliza. Ana Land Cruiser ya zamani yenye springi za mabapa mbele na nyuma, na rafiki zake walikuwa wamemwahidi kuiinua inchi nne uani kwake Jumapili moja.

"Shikamoo, babu. Wanasema gereji watanila hela bure."

"Marahaba. Huko Itigi kinachogonga chini ni nini?"

Hakujua. Nikamwambia akaangalie. Akaenda, akalala mvunguni kwa tochi ya simu, akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Mikwaruzo yote ilikuwa kwenye difu, na chesisi ilikuwa safi. Springi za nyuma zilikuwa zimelala upande mmoja, ule anaopakia madumu ya asali.

Basi akaachana na inchi nne. Alinunua springi mpya za kipimo cha kiwanda, na tairi za kimo kinachozidi kidogo. Springi alizifunga yeye na rafiki zake, kwa siku mbili, juu ya magogo. Kisha akaenda gereji kwa ajili ya kukagua breki na usukani. Gereji ya kwanza walimwambia asubiri nje. Aliwasha gari akaondoka, akatafuta nyingine.